Daktari Asiyeshika Kisu

Kila alasiri Mgeni alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akapasha moto chakula kilichoachwa jikoni, akala huku akiutazama ukuta. Mama yake alikuwa hospitali kubwa, na siku za zamu alirudi asubuhi, macho mekundu, wakati binti anafunga kamba za viatu vya shule. Walijuliana hali upesi upesi hapo mlangoni, basi, mpaka kesho yake.

Mama alikuwa daktari kamili. Alimaliza chuo cha udaktari, akafanya mazoezi ya kazi akihamishwa wodi hadi wodi, akazalisha, akafunga mifupa iliyovunjika. Kisha, mtu mzima na mkoba wake, akarudi darasani kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Ndiyo maana wakahamia mji huu wasikomjua mtu. Wenzake waliochagua upasuaji walimtania mpaka basi. Shangazi naye alinuna, akauliza atawaambia nini majirani: kwamba wifi yake ni daktari wa vichaa?

Mgeni aliyasikia yote na yakamkaa moyoni. Kwa hiyo siku ya kwanza katika shule mpya, msichana aliyeketi naye dawati moja alipomuuliza mama yake anafanya kazi gani, jibu lilimtoka lenyewe.

"Anapasua vichwa."

Lo, uongo ule ulinoga! Mapumziko yalipofika, darasa zima lilikuwa limemzunguka, naye hakuwanyima utamu. Aliwatajia msumeno mdogo, akawatajia damu. Mvulana mmoja alipouliza kama hata vichaa hupasuliwa, Mgeni hakurudi nyuma. Alisema mama yake huwafungua kichwa, akautoa ugonjwa, akashona.

Yule wa dawati moja aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Walirudi nyumbani pamoja, Kasuku akisema njia nzima, na Mgeni akapata walau mtu wa kumsubiri getini.

Halafu Kasuku akanyamaza. Siku zikapita, hacheki, hasemi, mpaka mchana mmoja walipokuwa bombani wakijaza chupa zao za maji. Ndipo alipoeleza kwamba baba yake, fundi cherehani, hashoni tena. Halali usiku, amejifungia chumbani, anajibizana na watu wasioonekana. Muuguzi wa zahanati ya jirani alishauri apelekwe hospitali kubwa.

"Mama alikuwa amekubali," Kasuku alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia kule wanapasua vichwa. Sasa hataki hata kusikia. Na baba siku hizi hali kitu."

Neno la kweli lilimfika Mgeni mdomoni, lakini aliona pia kitakachofuata: kicheko cha darasa, na yeye mwenyewe pembeni ya uwanja akitafuna mkate wake. Akasema kengele imelia, akaondoka. Kengele ilikuwa haijalia.

Jioni hiyo mama hakuwa zamu. Sebuleni kwao kulikuwa na viti viwili ambavyo mama hakuviweka kamwe vikitazamana. Aliviweka upande upande, kama vilivyo kwenye chumba chake cha kazi, ili mwenye jambo zito apate pa kupeleka macho. Jambo jingine alilofundishwa darasani lilimshinda mwanzoni kuliko mitihani yote: kuuliza swali moja, kisha kufunga mdomo.

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza, akanyamaza.

Mgeni alitazama dirisha. Mama hakumharakisha, wala hakumjibia. Kimya kikawa kirefu hadi mtoto akashindwa kukibeba, akalia, akasema yote, hata lile la kumwonea mama yake aibu.

Mama alimpangusa machozi. Hakugomba. Alimsimulia kuhusu mwanamume mmoja aliyekuja wodini mara nyingi, enzi za mazoezi yake, akilalamikia kifua. Kila kipimo kilitoka safi, madaktari wakamchoka. Siku moja mama akakaa tu kando ya kitanda. Kumbe mtu yule alikuwa amemzika mkewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya jambo hilo. Hapo ndipo alipojua atasomea nini.

"Wakinicheka, mimi sipungui kitu," mama alisema. "Lakini baba yake mwenzio anakosa matibabu kwa ajili ya neno lako. Vaa viatu, twende."

Mlangoni kwa kina Kasuku, Mgeni alimwamkia mama yake Kasuku.

"Nilidanganya," alisema. "Mama hapasui mtu. Anauliza, anasikiliza, anatoa dawa. Tafadhali mpelekeni baba."

Kasuku alimtazama, akaingia ndani.

Baba alipelekwa kesho yake, akalazwa, akaanza dawa. Kasuku akahama dawati. Habari zikaenea, na darasa likacheka kama Mgeni alivyojua litacheka, na safari hii upweke ulikuwa mchungu zaidi, maana alikwisha kuonja kuwa na rafiki. Mama alimkuta jikoni ameacha chakula kikapoa.

"Ukweli umekugharimu, naona," alimwambia, akiketi. "Uongo wako ungemgharimu mtu mwingine. Na akili huugua kama kifua kinavyougua, mwanangu. Aibu tunaileta sisi tunaocheka, na sisi tunaoficha."

Wiki nyingi zikapita. Alasiri moja, mama akiwa zamu, mlango ukagongwa. Alikuwa Kasuku, amesimama, mikono nyuma. Mgeni alitamani kuomba radhi upya, kuuliza, kueleza, vyote kwa pamoja. Badala yake akavuta kiti cha pili, akakigeuza kielekee dirisha, akaketi kwenye kile kingine.

"Habari za nyumbani?" aliuliza, akanyamaza.

Kasuku alitazama nje kwa muda mrefu. Kimya kilimchoma Mgeni, lakini alikaa nacho.

"Leo baba ameshona," Kasuku alisema mwishowe, akaonyesha mfuko mpya kwenye shati lake la shule. Mshono ulikuwa umepinda kidogo. Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka giza lilipoingia.