Nyumba Iliyotulia Mno

Tik. Tik-tik. Tik.

Ukucha wa mdogo wangu ulikuwa unagonga kioo cha simu gizani. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nilisimama mlangoni, daftari la masomo ya jioni kwapani, nikavua viatu polepole. Mdogo wangu alikaa mkekani na hedifoni masikioni, binti yangu kamwegemea begani, mwanga wa simu ukiwamulika nyuso. Hakuna kilio wala purukushani. Nikamshukuru Mungu kwa nyumba iliyotulia.

Ndugu zangu, utulivu ule niliutengeneza mwenyewe, ndiyo maana nawasimulia bila kumsema mtu mwingine. Mchana nilishona palepale nyumbani kola za mashati ya kiwanda, cherehani ikinguruma tangu asubuhi. Baba mtoto aliendesha malori ya mbali, tulimwona kwa nadra. Jioni nilikwenda kumalizia shule niliyoikatisha, na mtoto, miaka mitatu kasoro, nikamwachia mdogo wangu wa miaka kumi na mitano. Ili asichoke kukaa ndani, nikampa simu yangu ya zamani. Kwenye gemu alijiita Bingwa, na jina likahamia mtaani.

Majirani walisema, "Mtoto wako mpole! Hata hujui kama yupo."

Nami nikatabasamu, kama mtu aliyepewa zawadi.

Jioni moja nilirudi nikamkuta mtoto kasimama kando ya kabati. Kidole chake kilibanwa na droo, kimevimba, kimekuwa zambarau. Machozi yalishakaukia mashavuni. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama tu mama yake mdogo, hatua mbili kutoka pale.

"Bingwa!"

"Dada, ngoja, namalizia hii tu, nakuja..." Akainua macho. Simu ikamdondoka.

Zahanati, muuguzi alifunga kidole, kisha akaniuliza, "Anasema maneno gani?"

"Mama. Maji..." Nikakwama. Hilo la maji, sikukumbuka mara ya mwisho kulisikia lini.

Akampima masikio. "Anasikia vizuri. Nyumbani anaongea na nani?"

Tulitazamana mimi na mdogo wangu.

Njiani Bingwa alitembea nyuma yangu, kichwa chini. "Dada, alikuwa ananivuta mkono. Kila siku. Mimi namsukuma pembeni. Halafu akaacha kuvuta."

Nilikuwa nimepanga maneno makali, yote yakayeyuka. Cherehani yangu je, ilimsukuma mara ngapi?

Usiku ule badala ya kugombana tulimkumbuka baba. Alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilinuka mpira na gundi ya kuzibia pancha, nasi tulikaa juu ya kreti tukining'iniza miguu. Baba alikuwa haongei na watu tu, hata baiskeli aliisemesha: "Haya bibie, leo unaumwa wapi?" Spana ikiwa mbele ya pua yake alijifanya haioni, mpaka sisi tupige kelele, "Hiyo hapo, baba!" Naye anashangaa, kila mara upya. Leo ndio najua alikuwa anatufundisha kusema.

"Mimi nakumbuka gundi tu," Bingwa akasema. Alikuwa mdogo sana baba alipofariki. "Baiskeli yake ipo?"

Ilikuwepo stoo, chini ya magunia, imeliwa na kutu.

Gemu alilifuta mwenyewe asubuhi. Msidhani iliishia hapo. Wiki ile vidole vyake vilicheza mezani bila simu, chakula akakisukuma, akanijibu kwa ukali. Siku ya tano nilimkuta chooni na simu ya mtu. Muuza mkaa wa jirani akapata la kusema: "Eti Bingwa kastaafu? Mbona hamkutualika kwenye kumuaga?"

"Sijastaafu, mjomba. Nimehama timu."

Ile baiskeli ya baba, aliyoitoa stoo ili aitengeneze, ndiyo iliyomshika. Gemu halikuhitaji mtu wa pili, lakini mnyororo wenye kutu unataka mikono mitatu, naye ana miwili. Basi akaanza kuita. "Fundi wangu, nipe spana. Siyo hiyo, ile kubwa. Eeeh! Hiyo hiyo!" Binti yangu alikimbia na vyuma mikono yote miwili, mweusi kwa grisi hadi kwenye nyusi. Siku moja nikamsikia kwa mbali: "Hii?" Nikaondoa mguu kwenye cherehani nisikilize vizuri. Kola zikangoja.

Sasa tumehama nyumba ile, na kuna siku naikumbuka: sakafu yenye alama za grisi, na nati za baiskeli nilizokuwa nazikuta kwenye kopo la sukari.

FUNZO

Wazazi wenzangu, sisemi simu ni shetani. Nasema mtoto asiyesumbua msikimbilie kumsifu. Kwanza jiulizeni kanyamaza kwa nini. Huenda aliomba, akaona hakuna anayegeuka, akakata tamaa. Na kijana aliyezama kwenye gemu, ukimnyang'anya ukamwacha mikono mitupu, atarudi kulekule. Mpe kazi inayomfanya amhitaji mwenzake, kisha kaa karibu naye. Mimi nilichelewa, ila sikuchelewa kabisa, ndiyo maana nina cha kuwaambia.

Baiskeli ilikamilika Jumamosi moja, kabla hatujahama. Bingwa aliizungusha uani, breki zikipiga kelele, muuza mkaa akishangilia. Binti yangu akaenda kusimama mbele ya gurudumu, mikono kiunoni. Bingwa akashika breki, akashusha mguu chini, akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Unasemaje, mama?"

Mtoto akavuta pumzi, akasema kwa sauti hata jirani akasikia:

"Na mimi nataka kupanda."