Mjukuu Wangu Alienda Kutafuta Utafiti, Akaambiwa Alishazikwa

"Tate... mimi nilikufa mwaka gani?"

Mwiko ukaniponyoka!

Niko jikoni, hapa South End, Louisville, napika sombe, majani ya muhogo. Mjukuu wangu Isaro, anayeniita Tate, yaani bibi, amesimama mlangoni, simu mkononi, ametoka safarini sasa hivi.

Ngojeni niwaeleze, nyinyi mnaonisoma kwenye simu mkiwa chooni. Nawajua!

Mwaka ule, 2015, Isaro yuko chuo, anatafuta nafasi ya utafiti. Binamu yake Ruta, anayesoma India, ndiye alimfundisha:

"Andikia maprofesa hamsini. Mmoja atajibu."

Arobaini na tisa wakanyamaza kama bi harusi. Mmoja, wa Columbus, akajibu: niletee mahojiano na mkimbizi mmoja. Yakinipendeza, kiangazi unafanya kazi na mimi.

Donc, kwa hiyo, akapanda basi mpaka Buffalo, kwa Mama Généreuse wa Riverside, mkimbizi kama sisi, mtu wa milimani kwetu. Simu ikawekwa mezani, inarekodi.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Isaro, mtoto wa Zenoni."

Mama yule akasimama.

"Isaro wa Zenoni nilimzika kwa mikono hii! Alikuwa na miaka minne... Wewe ni nani?"

Wapendwa, mimi nimedanganya daktari, pasta, hata marehemu mume wangu. Siku ile aliporudi na swali lake pale jikoni, ulimi ulikataa uongo.

"Tate, sema!"

"Bon... keti."

Nikamwambia hivi: Karatasi ya familia yetu kambini ilikuwa na majina sita, lakini Isaro alikuwa amekufa, sisi tulibaki watano. Nilikuwa nimekuokota njiani, peke yako, hujui hata jina lako. Afisa mwenye karatasi akauliza, "Isaro yuko wapi?" Nikakusukuma mbele.

"Kwa hiyo naishi ndani ya mtoto aliyekufa?"

"Miaka yote hii... nikikuita, mnaitika wawili."

Akalia. Halafu akaitazama simu.

"Profesa akisikia hii, watu wa uhamiaji watakuuliza karatasi, Tate."

"Na usipoipeleka?"

"Nafasi inaenda."

Akafuta rekodi ile. Mbele yangu! Kiangazi kile, Columbus walimchukua mtu mwingine. Isaro akaenda kupanga maboksi ghalani, hakunilaumu hata siku moja.

Mkidhani nimemaliza kutubu, hamnijui.

Mtoto yule njiani hakuwa amesahau jina. Alilitaja mara tatu, na la mama yake pia. Nikamziba mdomo. Nilihitaji Isaro, karatasi isipungue jina.

Usimfungie mtu mlango wa kwao kwa sababu unampenda. Upendo huo una harufu ya wizi.

Najua unasoma hapa, mjukuu wangu, unanifichia tu.

Unaitwa Bulonza. Mama yako ni Marita.

Njoo na simu. Nirekodi.