Ua Moja Mezani pa Truphena

Jumamosi moja ya mwaka 1983, soko la Gikomba likiwa limefurika watu, Truphena alisimama mbele ya rundo la maua ya plastiki akishindwa kuchagua kati ya mekundu na ya manjano. Alikuwa mpiga taipu katika ofisi za reli, amevaa gauni la buluu lenye mikunjo na viatu vya visigino virefu, ambavyo tope la Gikomba halikuviheshimu hata kidogo.

"Hayo hata maji hayanywi, dada," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati limejaa vumbi la mbao, gogo la mti wa muhugu begani.

"Kwani nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini nikinyamaza, usiku nitalala kweli?"

Truphena akacheka kabla hajajizuia, na maua hakununua.

Kijana huyo aliitwa Mativo, mchonga vinyago wa Majengo. Jumamosi iliyofuata alibisha mlango wa chumba cha Truphena kule Umoja, mkononi ana waridi moja na kitu alichokichonga mwenyewe: kijiti cha muhugu, chembamba, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Juu kilikuwa na tundu moja, na ndani ya tundu Mativo alikuwa ametia kichupa cha dawa chenye maji.

"Moja tu?" Truphena akamtania. "Mapenzi yako ni ya kupimiwa kwa kijiko?"

"Weka ishirini, mtu ataona rundo. Weka moja, mtatazamana nalo wiki nzima."

"Na wewe nikikutazama hivyo?"

"Nitakufa kwa haya, mpenzi."

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Kila Jumamosi Mativo alifika kwa baiskeli akitoka kwa shangazi yake aliyepanda maua kule Njiru, na shina moja tu: leo yungiyungi, wiki ijayo waridi. Truphena akaondoa vitambaa na mapambo yote mezani ili ua lipate nafasi. Jioni akitoka kazini, kulikuta pale peke yake kulimtuliza moyo.

Katikati ya wiki simu ya ofisini ililia.

"Hapo ni reli?"

"Ni reli. Nikusaidie?"

"Natafuta gari moshi moja hivi, lina vishimo mashavuni."

"Mativo! Karani mkuu ananitazama!"

"Mwambie atazame kwake."

Wakakubaliana kwamba Desemba Mativo aende Vihiga, kwa baba yake Truphena, kujitambulisha.

Mwezi wa saba ikafika zamu ya Truphena kuwakaribisha akina mama wa kanisa. Kila mwezi walikunywa chai kwa mwenzao mmoja, na nisiwasingizie, waliomba pia. Ila kabla ya sala kila jicho lilikuwa limekwisha kukagua nyumba. Kwa mwenyekiti wao Rispa, ambaye wote walimwita Mama Johnson, maua ya plastiki yalijaa meza mpaka vikombe vikakosa pa kukaa.

Asubuhi hiyo Truphena aliitazama meza yake, na kwa mara ya kwanza akaona umaskini. Akakisukuma kijiti chini ya kitanda pamoja na waridi lake, akaenda kwa jirani kuazima maua ya plastiki.

Chai ilipokuwa imenoga, mlango ukabishwa. Mativo alijua kuna wageni, ndiyo maana alikuwa amefunga tai. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la Njiru, na mkononi alishika alizeti moja, kubwa kama sahani.

"Ni nani, Truphena?" Mama Johnson akauliza.

"Ni… ni fundi tu. Alikuwa aje kutengeneza kabati."

Hata karibu hakumwambia. Mativo aliyatazama maua ya plastiki mezani, kisha akamtazama yeye.

"Ndiyo, mama," akamjibu Mama Johnson kwa adabu. "Lakini naona nimekosea siku."

Truphena akafunga mlango.

"Fundi wa kabati, na tai shingoni?" Mama Johnson akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Truphena naye akacheka. Kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomkosesha usingizi wiki nzima. Alijionea aibu mpaka kioo akakigeuzia ukutani.

Jumatatu akapiga simu duka la Wehliye, lililopakana na karakana ya Mativo.

"Anasema nikwambie hayupo," Wehliye akasema.

"Mwambie nimesikia."

Wehliye akamfikishia, akarudi kwenye simu. "Anasema na yeye siku ile alisikia."

Mwezi wa nane akina mama walikutana kwa mwenzao Mbithe, katika mtaa wa Tena. Sala ilipokwisha Truphena akasimama.

"Yule wa tai si fundi wa kabati. Ni mchumba wangu. Na yale maua niliazima."

Mama Johnson akaweka kikombe chini. "Tulijua, mwanangu. Maua ya jirani yako tunayafahamu, hata yeye tulikunywa chai kwake. Tulikuwa tunangoja useme."

Truphena alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakungoja mkate. Alikwenda moja kwa moja mpaka Majengo, akamkuta Mativo kwenye karakana kati ya wenzake, anapiga msasa shingo ya twiga.

"Nimewaambia wote ukweli," akasema.

"Wao umewaambia." Mativo hakuinua macho. "Mimi hujaniambia kitu."

Wachongaji wengine walikuwa wameacha kazi wanasikiliza.

"Nilikuonea haya, Mativo. Si wao walionifanya, ni mimi. Nilikuona mlangoni na vumbi lako nikaona haya. Na ulipoondoka walikucheka. Nami nikacheka nao."

Msasa ukasimama.

"Hiyo ya kucheka sikuijua."

"Ndiyo maana nimekuambia."

Uso ulimwiva Mativo, na Truphena akajua amemuumiza mara ya pili.

"Baba yako akinikuta mlangoni Desemba," hatimaye akauliza, "akuulize huyu ni nani?"

"Nitasema ni Mativo, mchonga vinyago wa Majengo, ndiye ninayetaka kuolewa naye."

"Wehliye hajasikia."

Truphena akarudia kwa sauti, machozi yanamtiririka, mbele ya mafundi wote na wateja wa Wehliye waliotoka dukani kutazama.

Mativo hakucheka. Alivuta kigoda, akakifuta unga wa mbao kwa mkono wa shati lake, akakisogeza karibu naye.

"Bado nina uchungu," akasema. "Lakini keti."