Benchi la Shangazi Paskalina

Jumanne hiyo Katesh ilikuwa shwari, wauza vitunguu wanagombana sokoni kama kawaida yao, Mwalimu Hilaria alipoomba ruhusa shuleni akatolewe sunzua. Moja tu, kinyama cha shingoni kama punje ya harage, kilichokuwa kikinaswa na kola na kutoa damu. Lakini kwao Tlawi walimlilia kama anapelekwa kaburini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiiguse, Hilaria," mama yake alisema kwenye simu. "Hiyo ni alama ya ukoo wa baba yako. Shangazi yako aliigusa, tukamzika."

Ni kweli walimzika. Shangazi Paskalina alikuwa na sunzua saba, shingoni hadi mgongoni. Kwa kuwa hospitali ilikuwa mbali na kisu alikiogopa, alinunua krimu ya ganzi bila kumuuliza mtu. Alfajiri alijipaka tyubu nzima, kuanzia shingo mpaka kiunoni, akajifunga nailoni isifutike njiani, akajitanda shuka juu yake. Ndani ya basi akalalamika masikio yanalia na ulimi mzito. Midomo ikabadilika rangi, degedege likamshika, akafa kabla ya kufika hospitali. Ukoo mzima ukasema wazee wamemchukua.

"Wazee gani?" Hilaria aliwaka pale pale msibani. "Nailoni nimeifungua mimi! Ni dawa imezidi!" Wakamwambia elimu imemharibu kichwa.

Angewaacha na maneno yao. Lakini sasa binti yake Mectilda, miaka sita, alikuwa ameota sunzua chini ya sikio, na bibi yake alishamwambia ikiguswa atakufa. Mtoto akawa analia hata akioshwa shingo. Hapo ndipo Hilaria alipochoka. Leo angetolewa ya kwake, na jioni mwanawe amwone akiwa hai.

Tabibu Rogers wa ile kliniki ndogo nyuma ya soko alimuuliza maswali mengi: dawa ya ganzi imewahi kumdhuru? Ana ugonjwa wa moyo? Ana mimba? Akakagua ngozi kama ina kidonda, kisha akakamua tyubu ya krimu ya ganzi, akapaka tone moja, hapo hapo kwenye sunzua.

"Tunasubiri saa moja. Usifunike, usiongeze. Masikio yakilia, ulimi ukiwa mzito au ukisikia kizunguzungu, niite haraka."

Akaiacha tyubu mezani, akaingia chumba cha pili kumshona mtu aliyejikata na jembe.

Hilaria akabaki peke yake kwenye benchi. Shingo ikapoa, kisha ganzi ikaingia. Akapabinya kwa kucha. Hakusikia kitu.

Ndipo harufu ya samli ikamfikia. Samli ya nywele, aliyokuwa akipaka Shangazi.

Benchi likalia upande wa kushoto. Mtu amekaa.

Hilaria hakugeuka.

Kidole kikamgusa shingoni, pale pale penye ganzi. Hicho alikisikia. Cha baridi. Polepole.

"Haitoshi," sauti ikanong'ona. "Ongeza."

Aliijua. Mungu wangu, aliijua sauti ile!

"Itauma, Hila. Paka mpaka mgongoni. Funika."

Mkono ukanyooka kuelekea mezani. Mkono wake mwenyewe. Hakuutuma. Kifuniko cha tyubu kilikuwa tayari wazi.

Kisha akamkumbuka Mectilda, na hasira ikampanda.

"Shikamoo, Shangazi," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikupenda. Nimekulilia mpaka leo. Lakini siongezi hata tone!"

Akaurudisha mkono kwa nguvu, akaikalia mikono yote miwili. Sauti ikabembeleza. Ikalia. Ikamwita kwa jina la utotoni. Kila mara alijibu neno moja tu: siongezi. Saa nzima.

Rogers aliporudi alicheka. "Mbona umekalia mikono, mwalimu?"

Akapima kwa sindano: ganzi safi. Akaifuta krimu, akaikata sunzua, akaweka plasta. "Usipakune mpaka ganzi iishe, utajiumiza bila kujua." Alipoinua tyubu, kicheko kikamkauka. Ilikuwa bapa, imekamuliwa yote.

Akamgeuza Hilaria upesi, akamkagua mgongo. Mkavu. Lakini kwenye egemeo la benchi, upande wa kushoto, krimu nyeupe ilikuwa imepakwa nzito, kuanzia usawa wa shingo mpaka usawa wa kiuno.

"Nani alikaa hapa?"

Jioni Mectilda alimkodolea macho mlangoni. "Mama, hujafa?"

"Niguse uone."

Mtoto akamgusa shavu, kisha plasta, kisha akainamisha shingo yake mwenyewe. "Na mimi nitolewe."

Kesho yake Rogers akapiga simu, sauti yake chini. Benchi walikuwa wamelisugua kwa sabuni mara tatu. Krimu imetoka, lakini kila anayeegemea upande wa kushoto anainuka mgongo ukiwa na ganzi. Alitaka kulichoma.

"Usilichome," Hilaria akasema. "Ijumaa namleta Mectilda, tutakaa upande wa kulia. Mwachie shangazi nafasi yake. Tyubu ndiyo usimwachie."