Mundu wa Fanueli

"Silaha hapana," Kassimu alisema. "Hata kisu cha kumenyea viazi, acheni nyumbani."

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma cha duka la mbolea, Mlalo. Kassimu alikwisha kaa rumande mara mbili, basi akajiona hakimu. Ukivunja ghala mikono mitupu, alifundisha, huo ni wizi wa kuvunja. Dhamana ipo. Ukimtishia mtu kwa silaha, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Dhamana hakuna. Miaka thelathini.

Tobia alisikiliza kuliko wote. Mkewe, Glory, alikuwa mjamzito. Alitaka kazi hii moja, kisha arudi kwake akamwone mwanawe.

Ghala lilikuwa la tajiri wa iliki. Jumapili, ibada ikiisha, watu hubaki nje ya kanisa wakinadi sadaka za mazao: kuku, ndizi, miwa. Tajiri hakosi mnada. Mlinzi wake, mzee Benjamini, naye husogea huko kusikiliza bei.

Saa tano kasoro robo. Vitambaa usoni. Kufuli likakatika. Gunia la kwanza likatoka, la pili likafuata.

Saa tano. Mzee Benjamini akatokea mlangoni. Siku hiyo kuku walikuwa wachache, mnada ukaisha mapema.

Fanueli, yule wa tatu wao, ni mkulima wa karoti. Mundu ulikuwa kiunoni mwake kwa sababu hukaa hapo kila siku ya Mungu. Mwenyewe alishasahau kwamba anao. Mkono haukusahau. Akauchomoa.

"Kaa chini, babu."

Mzee akakaa. Tobia alisikia aibu kuliko woga. Mzee wa umri ule, kwenye vumbi. Maneno yakamtoka kabla hajafikiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Tobia," mzee akajibu.

Jioni wote watatu walikuwa kituoni. Walipofikishwa mahakamani Lushoto, walisomewa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana.

Rumande Tobia alimkaba Kassimu kwa maswali. Yeye hakushika mundu. Yeye aliamkia! Kassimu akamweleza kwa upole kwamba sheria haijali: mmekwenda pamoja kwa nia moja, mundu wa mmoja ni wa wote.

"Mbona Mlalo hukusema hivyo?"

Kassimu alijifanya amelala.

Kesi ikaahirishwa. Upelelezi haujakamilika. Ikaahirishwa tena, upelelezi ule ule. Mundu mmoja, magunia mawili, mzee mmoja anayewajua kwa majina. Sijui walikuwa wanapeleleza nini. Glory akajifungua, na habari zikamfikia Tobia kupitia mahabusu mgeni.

Ndipo wakili wa msaada wa kisheria alipokuja. Alisema kuna njia: kukubaliana na upande wa mashtaka, ukiri kosa dogo, upate kifungo kifupi. Tobia alitaka kukubali hapo hapo. Akaomba kwanza ushauri kwa mjuzi wao.

"Ukikiri umejifunga mwenyewe," Kassimu alimwambia. "Tukatae wote. Hawana kitu."

Tobia akakataa. Fanueli akakataa. Wiki iliyofuata Kassimu aliitwa nje na hakurudi. Walidhani anaumwa, wakamwombea.

Siku ya ushahidi, mzee Benjamini alisema aliyoyaona, hakuongeza neno. Kisha akaitwa shahidi wa pili wa Jamhuri. Kassimu akaingia na shati lililopigwa pasi. Alikuwa amekiri kuvunja ghala, kosa dogo, akapata kifungo chake kifupi kwa sharti la kuwashuhudia wenzake. Akaapa. Akaeleza kila kitu, tangu chumba cha duka la mbolea, isipokuwa nani aliyepanga. Hilo alimtwika Tobia.

Hakimu aliwatia hatiani wote wawili. Akamuuliza Tobia kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu.

"Mheshimiwa, nakubali sasa."

"Unakubali nini?"

"Yale ya wakili. Kosa dogo. Nakubali."

Hakimu alivua miwani. Akamweleza, taratibu, kwamba wakati wa hayo ulikwisha kabla ya hukumu, na kwamba kwa kosa hili sheria haikumwachia pa kupunguza. Miaka thelathini. Haki ya kukata rufaa ipo.

Benchi la nyuma Glory alisimama na mtoto mgongoni, akamuuliza askari kama baba anaweza kumshika kidogo. Askari alisema leo haiwezekani, na karani akaita kesi nyingine.