Sumaku za Pampu ya Umm Gaber

Likizo ile, kila asubuhi Rawya alitoka kitandani macho bado yakigoma kufunguka. Alikula maharage kwa mkate, kisha akaburuta viatu hadi karakana ya shangazi yake Inshirah, fundi wa mota pale Fayoum. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya tanuri dogo lililokausha gundi ya sumaku, akichunga kipimajoto. Kila mota masaa manne. Hata nzi wa mle ndani walionekana kuchoka.

"Nyuzi themanini, usizidishe," alisema shangazi. "Hii ni mota ya pampu ya Umm Gaber. Asipomwagilia kesho, nyanya zake zimekwisha."

"Nimesikia, Shangazi. Na jana nilisikia."

Shangazi akaenda sokoni. Rawya akaitazama saa. Ikawa kama imelala kabla yake. Akapandisha moto hadi mia na sitini, akaegemeza kichwa mezani. Baada ya saa moja gundi ilikuwa imekauka kau! Akazima, akasinzia.

Adhuhuri shangazi alirudi. "Umekaa masaa yote?"

"Yote."

Shangazi akabandika spana kwenye sumaku, kama afanyavyo kwa kila mota. Asubuhi ilibanduliwa kwa mikono miwili. Sasa ikatoka kwa vidole viwili.

"Yule muuzaji kaniuzia sumaku mbovu! Mzee mzima, ndevu zote zile! Leo atanitambua." Akaokota mtandio.

Rawya akamshika mkono. "Shangazi, usiende. Ni mimi. Nilizidisha moto."

Shangazi akaketi kwa uzito.

"Lakini zimeshapoa," Rawya akanong'ona.

"Zimepoa, nguvu haikurudi. Sumaku ukiitunza itatuzika sisi wote. Ukiiunguza inachoka kimyakimya; huoni ufa, huoni kutu."

Wakabandika sumaku za akiba. Rawya akakaa tena, masaa manne kamili, mgongo ukimuuma, shangazi akikoroma kando. Jioni, kabla ya kuifunga mota, shangazi alibandika spana.

"Leo umefanya kazi moja mara mbili kwa kukimbia uchovu," alisema. "Ila umesema kweli mota ikiwa bado mezani. Ingekuwa imeshafika shambani, ukweli wako usingemwagilia hata nyanya moja. Haya, vuta."

Rawya akavuta, mguu ukutani, uso mwekundu. "Haitoki!"

"Basi tuifunge, umpelekee Umm Gaber pampu yake."