Pembe Tatu za Ndago

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kufagia ua, binti mmoja wa miaka kumi na miwili alikabidhiwa bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Majirani walimwita Kasi, kwa kuwa alimaliza kazi kabla wenzake hawajakunja mikono ya mashati. Sifa hiyo aliipenda mno. Hakuwahi kujiuliza kazi yenyewe ilimalizika namna gani.

Jumamosi moja shangazi, aliyekuwa mshonaji, alikuwa amebanwa na sare za shule. Alitoa maagizo huku pini zikiwa zimemjaa mdomoni.

"Palilia tuta la vitunguu. Miche bado michanga, na magugu ya ndago yameota katikati yake. Yanafanana nayo kama mapacha, kwa hiyo angalia kabla hujang'oa. Mbegu zangu zimekwisha. Tuta hilo ndilo tegemeo letu la msimu mzima."

"Ndiyo, Shangazi," Kasi alijibu, naye alikwisha kufika mlangoni.

Nje ya ukuta, rafiki yake alikuwa akidundisha mpira. Huyu aliitwa Wakili, kwa sababu hakuwahi kukosa utetezi.

"Kasi! Leo umegeuka kobe?"

Maneno hayo yalimchoma. Aliinama, akang'oa kwa mikono miwili kila jani jembamba lililosimama mbele yake. Kwa robo saa, nusu ya tuta ikabaki udongo mtupu. Akautupa mrundo kwenye kivuli cha ukuta, akaenda kunawa kabla ya kuendelea. Ndipo harufu ilipompanda puani. Alinusa kiganja cha kwanza, kisha cha pili. "Vitunguu!" akamaka.

Wakili alichungulia juu ya ukuta. "Usihangaike. Sema kuku wamefukua."

"Kuku gani? Sisi hatufugi."

"Basi wa jirani. Kuku haitwi kutoa ushahidi."

Kasi nusura acheke, lakini macho yake yaliangukia mrundo. Majani yalikuwa yameanza kulegea, na kadiri alivyosita ndivyo yalivyozidi kulala. Akajikokota hadi chumba cha kushonea.

"Shangazi, nimeharibu. Nimeng'oa vitunguu pamoja na ndago. Sikuangalia."

Cherehani ikanyamaza. Shangazi akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. Kasi aliona haziishi.

"Umeing'oa miche saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

"Ukaiacha juani?"

"Kivulini, Shangazi."

"Basi lete beseni la maji. Kulia utalia baadaye."

Waliketi kivulini kuchambua. "Viringisha shina kati ya vidole," shangazi alieleza. "Likizunguka bila kukwama, ni kitunguu. Ukihisi pembe tatu, ni ndago. Ukitilia shaka, nusa. Na ndago haivutwi kwa pupa: jani hukatika, kiazi chake kidogo hubaki ardhini, na baada ya siku chache hurudi na ukoo mzima. Ichimbue kwa kijiti, uianike juu ya bati hadi ikauke kabisa."

Kisha akapaza sauti kuelekea ukutani. "Nawe Wakili, ingia! Kesi imekwisha, kilichobaki ni kifungo na kazi ngumu."

Jua lilipopoa waliipanda miche upya na kuimwagilia. Kesho yake miche ilikuwa imelala kama nywele zilizolowa, na Kasi hakuonja uji wake. Michache ilikufa. Lakini siku ya sita, kabla ya kwenda shule, aliikuta mingine yote imesimama wima. Alishusha pumzi aliyohisi ameibana tangu Jumamosi, akacheka peke yake hadi shangazi akatoka.

"Haraka yako ndiyo iliyoing'oa, mwanangu," shangazi alisema, "na ukweli wako ndio ulioirudisha. Ungeusubirisha hadi jioni, tungekuwa tunapanda majani makavu. Angalia kabla ya kutenda. Ukikosea, sema kosa likiwa bado bichi."

"Nimekuelewa, Shangazi."

Ndago moja ilikuwa imechipua ukingoni mwa tuta. Kasi aliviringisha shina lake polepole kati ya vidole, akazihesabu pembe zote tatu, kisha akaenda kutafuta kijiti.